Siku Mama Alipokuwa Mtalii

Mama alitoka chumbani akiwa amevaa raba za mjukuu wangu, kofia ya jua yenye ukingo mpana, na miwani myeusi iliyomkalia puani kama ya dereva wa lori. Shingoni alikuwa amening'iniza kamera ambayo haijapiga picha tangu betri yake ioze. Akasimama mbele ya kabati la kioo, akajigeuza upande huu na upande ule, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi naye hatuongei kamwe tukiwa nyumbani, "Nafanana na mtalii ama bado?"

Nikamwambia anafanana na mwizi wa kuku. Akafurahi sana.

Ilikuwa Jumamosi alfajiri, nyumbani kwangu Majimbo, hapa Embu mjini, ambako nina kibanda cha kushona sare za shule. Mama alikuwa ameteremka kutoka Kibugu siku iliyotangulia, akaacha majani chai yake yachumwe na watu ambao kwa kawaida hawaamini hata na kikapu. Ana miaka themanini, au zaidi kidogo, maana cheti hakuna. Ameishi Kibugu tangu aolewe, lakini alizaliwa Tigania, karibu na Kianjai, na huko kwao kuna kanisa la mawe la zamani lenye mnara mrefu. Juu ya mnara huo, mama anasema, kuna jiwe lake.

Hadithi ya jiwe naijua kama ninavyojua jina langu. Kanisa lilipokuwa likijengwa, wanaume walijenga na wasichana wakabeba mawe kutoka mtoni. Walibeba mgongoni, kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, na hadi leo paji la mama lina kishimo ambacho ukipitisha kidole gizani utakijua. Mawe yote ya kule ni meusi. Siku moja akaokota jiwe jeupe linalometameta, kubwa kama mkate, akalipandisha kilima pamoja na mzigo wake wa kawaida. Fundi mkuu akamcheka, akaliweka kando. Mnara ulipokaribia kwisha, fundi yule yule akamwambia, "Wewe msichana, jiwe lako nimeliweka juu kabisa. Linaangalia kwenu."

Siku mnara ulipofunguliwa, wavulana waliruhusiwa kupanda mpaka juu. Mama akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Mzee mmoja wa kanisa akamshika sikio, akamrudisha nje.

Kwetu, lazima niseme, mwanamke hapandi juu ya nyumba. Paa likivuja na mume hayupo, unamwita jirani au unaweka sufuria chini ya tundu. Mwanamke kusimama juu ya vichwa vya wanaume ni mkosi, na wazee wa kanisa walipopokea dini mpya waliusahau mwiko wa hiki na kile, lakini huu waliupandisha hadi kwenye mnara. Kwa hiyo wasichana waliobeba mnara mzima kwa vichwa vyao hawakupata kufika juu yake.

Kaka yake mama baadaye akawa mpiga kengele. Alipanda miaka na miaka, na kila mara mama alipomuuliza, alijibu kwamba hakuna jiwe jeupe huko. Ndugu zangu wa kiume wakaurithi mzaha huo. Siku za Krismasi tukikutana Kibugu, mtu akidai jambo lisilo na ushahidi, anaambiwa, "Hilo ni jiwe la mama." Umeshapiga mswaki? Jiwe la mama. Gari lako liko kwa fundi? Jiwe la mama. Mama hucheka pamoja nao. Lakini mimi ndiye ninayebaki naye jikoni vicheko vikiisha, na najua anavyosugua sufuria.

Basi mwaka huu binti yangu alituonyesha picha kwenye simu. Wazungu wawili walikuwa wamesimama juu ya mnara ule ule wakipunga mikono. Kanisa lilikuwa limeanza kupokea watalii. Unalipa mlangoni, unapewa tiketi, unapanda. Mama aliishika simu karibu na pua yake kwa muda mrefu.

"Huyu mwenye suruali ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, cucu," binti yangu akamjibu bibi yake.

"Na hakuna mtu amemshika sikio?"

Nikapiga simu kanisani kuuliza. Sauti ya mwanamume ikaniambia kwa upole kwamba karibuni sana, ila akina mama wa ushirika wa pale hawapandi, ni utaratibu wa tangu zamani. Watalii wa kike ni sawa kwa sababu wao ni wageni na hawajui mila. Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpa vidonge vyake, mama akaninyang'anya simu na kuikata.

"Usiharibu," akasema. "Mimi ni mtalii."

Sharti lake lilikuwa moja: tusiongee Kimeru hata neno moja tukifika huko. Akaniambia pia kwamba kwa hesabu yake magoti yake yamebakiwa na kupanda kumoja tu, na hataki kupanda huko kupotee bure.

Wa kutupeleka alikuwa mkwe wangu, mume wa huyo binti. Anauza vipuri vya pikipiki hapa mjini, ana gari dogo, na ana heshima mpaka inachosha. Hapo ndipo palipokuwa na shida ambayo mgeni hawezi kuiona. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawagusani. Hawapeani mikono, hawabanani, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini ili mwingine apite. Vijana wa siku hizi wanasema mambo hayo yamekwisha, lakini mkwe wangu bado ananisalimia akiwa mbali kama ninayeambukiza. Akinigusa, mbuzi lazima achinjwe. Na bibi wa mke, kinyume chake, ni wa kutaniwa. Kwa hiyo mama alikaa mbele kando ya dereva, akimwita "mume wangu" na kumkemea kila alipolipita lori, nami nikajikunyata nyuma upande wa pili, mabega yetu yasije yakakutana kwenye kona za mto Thuci.

Meru mjini tulisimama kunywa chai kwenye hoteli ya Waislamu karibu na soko. Mwenye hoteli akamtazama mama na miwani yake, akamwamkia, "Shikamoo mama. Umetoka ng'ambo?"

"Marahaba," mama akasema. "Natoka mbali sana." Akanikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha.

Kutoka hapo hadi Kianjai aliangalia tu dirishani, na mara moja akainua mkono akaonyesha kilima fulani, kisha akaurudisha mapajani bila kusema ni cha nini.

Kanisa ni jeusi na zito, limekaa juu ya kilima chake utadhani lilikuwepo kabla ya kilima chenyewe. Mnara uko pembeni, wa mraba, na karibu na juu una kingo ya mawe inayotokeza pande zote. Nilipoinua kichwa kuutazama shingo ililia. Sijawahi kuwaambia wanangu, lakini mimi naogopa hata ngazi ya kupakia rangi. Vitambaa vya juu dukani kwangu hushushwa na wateja.

Mtunza mnara alikuwa mwanamume wa makamo mwenye funguo nyingi na koti lililopigwa pasi. Ndani ya kanisa akina mama wa ushirika walikuwa wakipiga deki kwa ajili ya Jumapili, maji yakitiririka hadi kwenye kizingiti.

"Karibuni. Mko watatu? Mmetoka wapi?"

"Embu," mama akasema. "Mimi ni mtalii. Nimekuja kuona-ona."

"Na cucu, utaweza kweli? Ngazi ni nyingi."

"Mwenda pole hajikwai," mama akamjibu kwa Kiswahili safi cha redioni.

Akatukatia tiketi. Kisha akawageukia akina mama wa deki na kuwaambia kwa Kimeru, akidhani hatumwelewi, kwamba kikongwe hiki kikimfia humo ndani yeye hakibebi, watakibeba wenyewe. Wakacheka. Nikahisi masikio yananiwaka. Mama hakutikisika. Alikuwa anasoma tiketi yake, juu chini, kwa miwani myeusi.

Mlangoni mwa mnara tukasimama. Ngazi ni za mawe, zinajizungusha, na nyembamba kiasi kwamba mtu wa mwili wangu anapita kwa kujibana. Sasa nani atangulie? Nikitangulia mimi, mkwe wangu ataangalia sketi yangu njia nzima, jambo lisilosemeka. Nikimfuata kwa karibu, pumzi yangu itampata mgongoni. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kutazama ukuta. Mtunza mnara akadhani tunaogopa giza, akatupatia tochi.

"Mume wangu mbele anivute," mama akaamua. "Mimi katikati. Wewe nyuma unisukume. Mimi ndiye ukuta wenu."

Tukaingia hivyo. Nilimsukuma mama yangu makalio kutoka ardhini hadi mawinguni, na sina la kujivunia zaidi ya hilo. Kila mzunguko alisimama, akaweka kiganja chake kwenye mawe, akayapapasa. Mwanzoni nilidhani anapumzika. Kisha nikasikia anayasemesha kwa sauti ya chini, kwa Kitigania, Kimeru cha kwao, sharti lake mwenyewe likiwa limevunjika: hili ni la siku ya mvua, hili ni la kule penye maporomoko, hili lilinivunja ukucha. Sijui kama kweli aliyatambua. Mawe meusi yote ni ndugu. Lakini sikumwambia hivyo; nikashika kiuno chake, nikaendelea kusukuma.

Magoti yalimgomea pale ngazi za mawe zilipokwisha na ngazi ya mbao kuanza. Alikaa chini. Uso wake ulikuwa na jasho, na pumzi zilikuwa fupi. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona kuwa mzee.

"Tushuke, mama," nikasema. "Umefika mbali. Inatosha."

Akavua miwani, akanitazama. "Niliambiwa inatosha nikiwa msichana," akasema. "Leo nimelipa."

Akaishika ngazi ya mbao. Mkwe wangu akamkamata mikono yote miwili kutoka juu, akimwita majina yote ya utani aliyoyajua ili asiwaze magoti, nami nikaweka bega langu chini yake. Akapanda. Tukapita penye kengele, kubwa na ya kijani kwa kutu, tukasukuma kifuniko cha mbao, na upepo ukatupiga usoni.

Kitu cha kwanza ulichofanya upepo ule ni kuichukua kofia ya mama. Ikaruka juu ya ukuta, ikapepea, ikaenda zake chini uani. Mama hakuigeukia. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, nywele zake nyeupe zimetimka, anazunguka polepole. Upande mmoja kulikuwa na vilima vya Nyambene na mashamba ya miraa, upande wa pili nchi ikishuka kuelekea Isiolo, kavu na rangi ya ngozi ya simba, na nyuma kabisa Mlima Kenya ulikuwa umevua mawingu yake. Mama akasema tu, "Kumbe."

Mimi nilikuwa nimekaa chini katikati ya sakafu, nimeshika kifuniko kwa mikono miwili.

Mkwe wangu akaanza kukagua ukuta unaozunguka juu ya mnara. Unafika kiunoni kwa mtu mfupi. Alikagua pande zote nne, akarudia kwa tochi, akapapasa kila pembe. Upande wa ndani ulikuwa umepakwa saruji. Pale saruji ilipobanduka, palikuwa na jiwe jeusi, na jeusi, na jeusi.

"Cucu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli, "hakuna."

Upepo ulivuma. Niliogopa kumtazama mama. Nilifikiria safari ya kurudi, na Krismasi, na sufuria.

Mama hakulia. Alikunja uso, akafikiri, akiwa amekigusa kile kishimo cha paji lake kwa kidole. Kisha akauliza, "Fundi aliniambia linaangalia kwetu. Sasa jiwe litaangaliaje kwetu likiwa limefungiwa ndani?"

Tukatazamana. Kwao kulikuwa huko nje, upande wa mashariki. Jiwe linaloangalia kwao lingekuwa kwenye uso wa nje wa ukuta, juu ya ile kingo inayotokeza, ambapo mtu wa chini halioni kwa sababu ya kingo na mtu wa juu halioni mpaka ainame na kuchungulia. Kaka yake alikuwa amepanda miaka yote ile akatazama pale tu alipokuwa amesimama.

Mkwe wangu akaanza kuinama. Mama akamshika shati.

"Wewe hapana. Wanaume wameshatazama. Nimechoka kuletewa habari na wanaume." Akanigeukia. "Wewe."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia ukweli wote, kuhusu ngazi ya rangi na vitambaa vya dukani. Nilimwambia nitaanguka, na kwamba nikianguka nitaangukia deki ya wale akina mama. Mama alisubiri nimalize kama anayesubiri chai ichemke.

"Utashikwa," akasema.

"Na nani? Wewe huna nguvu."

Mama akamtazama mkwe wangu. Mkwe wangu akatazama sakafu. Nikaelewa, na mwili mzima ukanisisimka kwa aibu kabla hata sijaguswa. Katika miaka yote tangu amwoe mwanangu hatujawahi kupeana hata kikombe mkononi. Anakiweka mezani, anaondoka, ndipo nakichukua.

"Mama," mkwe wangu akasema kwa sauti ndogo, akiniambia mimi bila kunitazama, "mimi sina neno. Ni wewe."

"Mbuzi nitatoa mimi," mama akasema. "Beberu. Shika mkwe wako, wewe kijana, na ukimwachilia nitakurudia hata nikiwa mfu."

Nilitambaa hadi ukuta wa mashariki. Nilifumba macho, nikanyoosha mkono wangu nyuma, na mkono mwingine ukaushika. Ulikuwa mkavu na wenye grisi ya vipuri kwenye mistari yake. Mkono wake wa pili ukanikamata mshipi wa sketi. Nikaweka tumbo juu ya ukuta, nikainama, nikafungua macho.

Kwanza nikaona uwanja wote, mdogo, na ile kofia ya mama imetua kwenye majani. Halafu nikarudisha macho karibu, kwenye ukuta wenyewe, chini ya kidevu changu. Palikuwa na ukungu mkavu wa miaka mingi, wa kijivu. Nikaukwangua kwa kucha, hapa na pale. Ukabanduka kama ukoko wa uji. Chini yake kulikuwa na kitu kilichopokea jua na kulirusha machoni mwangu.

Nilipiga kelele. Mkwe wangu akadhani naanguka, akanivuta kwa nguvu zote, na tukaanguka chali sakafuni pamoja, mama mkwe na mkwe, mbuzi kumi hawangetosha. Sikujali. Nilikuwa nacheka na kulia, nikionyesha kwa kidole.

"Liko! Mama, liko! Jeupe! Kubwa kama mkate!"

Mama akalala juu ya ukuta kwa kifua chake. Sisi wawili tukamshika, kila mmoja upande wake, wala hatukukumbuka tena kukwepana mabega. Nikauongoza mkono wake ukashuka, ukapapasa, ukafika. Ukatulia hapo. Alipitisha kidole kwenye mwisho wake mmoja, ambapo palikuwa pamemeguka kidogo.

"Hapa nililiangusha," akasema. "Karibu na mgomba wa shangazi. Niliogopa fundi atalikataa."

Nililipiga jiwe picha kwa simu, nikainama tena kufanya hivyo, na safari hii nilifungua macho tangu mwanzo. Nikawatumia ndugu zangu bila kuandika neno hata moja. Sijawahi kutuma kitu kwa furaha kiasi kile.

Tuliposhuka hadi penye kengele, mama akasimama. Pembeni palikuwa na kibao, Usiguse Kengele. Akakitazama kibao, akaitazama kamba, na kabla sijamaliza kusema "Mama!" akaikamata na kujining'iniza.

Sauti ile sina namna ya kuieleza. Meno yangu yalilia nayo. Akaivuta tena, na tena, bila mpangilio, na mkwe wangu akaziba masikio akicheka kwa mdomo wazi. Chini tukasikia miguu ikikimbia. Pale kengele ikilia siku isiyo ya ibada, maana yake ni moja.

Wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, lakini mimi nilishuka vizuri. Nilimshika mkwe wangu mkono njia nzima. Mbuzi ni yule yule mmoja, nikaona nimtumie sawasawa.

Nje tulikuta watu. Akina mama wote wa deki walikuwa wametoka wakiwa na matambara mikononi, miguu yao imelowa, na wanaume kadhaa walikuwa wamepanda kutoka barabarani. Mtunza mnara alikuwa amevua kofia yake.

"Nani amekufa?" mwanamke mmoja akauliza.

Mama akatoka mlangoni akiwa ameegemea bega langu, na akajibu kwa Kitigania cha kwao, kile cha zamani ambacho hata mimi sikipati vizuri. Alisema hakuna aliyekufa. Alimwambia mtunza mnara kwamba kikongwe kimeshuka chenyewe, hakuna wa kukibeba. Akina mama wakashika matumbo kwa kicheko.

"Sasa, cucu," mtunza mnara akauliza, "ulikuwa unafanya nini huko juu?"

"Nilienda kukagua kazi yangu," mama akasema. "Ni sisi tuliobeba mawe."

Kicheko kikakatika. Kutoka nyuma ya wale wanawake akaja mmoja ambaye sikuwa nimemwona, mzee kama mama, amejitanda leso, na mkononi ameishika ile kofia iliyopeperuka. Alikuja hadi mbele ya mama. Hakuitoa kofia. Alimtazama paji la uso, lililokuwa wazi kwa upepo, kisha akairudisha nyuma leso yake mwenyewe. Alikuwa na kishimo kama kile, mahali pale pale.

"Hata mimi nilibeba," akasema.

Walitazamana. Sijui kama walikumbukana. Wasichana waliobeba walikuwa wengi. Mama akachomoa miwani myeusi mfukoni, akaifungua, akamvalisha yule mwanamke polepole, akimwekea vizuri nyuma ya masikio. Halafu akatoa tiketi yake, akamtia mkononi, na akamgeukia mtunza mnara.

"Huyu pia ni mtalii."

Mwanamume yule akaitazama tiketi iliyokwisha kutumika. Akawatazama wanaume waliokuja kutoka barabarani, na mmoja wao, mzee wa kanisa kwa jinsi alivyosimama, akaangalia viatu vyake na kukohoa. Funguo zikalia. Akajitenga na mlango.

Yule mzee wa kike akaingia, na kijana wa kike mwenye ndoo akaitua ndoo na kumfuata kumsukuma kwa nyuma, na nyuma yake mwingine, na mwingine, wakipandisha sketi zao, nyayo zao zilizolowa zikiacha alama kwenye ngazi za mawe. Mama akaketi kwenye majani, akavua raba za mjukuu wangu, akanyoosha miguu.

"Waambie liko mashariki," akaniambia. "Wainame."

Niliingiza kichwa mlangoni nikawaita, na sauti zao zikanijibu kutoka juu gizani. Tukangoja, mimi na mama na mkwe wangu aliyekuwa amekaa kando yangu bila kukumbuka mwiko. Kisha kengele ikalia tena. Safari hii hakuna aliyeuliza ni nani amekufa.